Gonga Mara Mbili

Genivaldo, umekuja na kucha za buchani.
Nimeziona kabla sijaliona jina lako daftarini.
Kaa hapo kwenye benchi. Mkasi huo ni wa wote.
Kata za mikono, kata za miguu,
vipande uvitie kwenye kopo la maziwa, si sakafuni:
mimi ndiye ninayepiga deki.

Ngazi ishirini na mbili juu ya duka la matairi.
Hapa Belém mvua ya alasiri ina miadi yake,
nasi hufungua mlango ikishakatika.
Kandambili ziishie kizingitini.
Ukienda msalani zivae, ukirudi zivue.
Usiniletee choo kwenye mkeka nitakaoulalia shavu.

Kimono kifuliwe. Ndiyo, kila siku.
Kukianika si kukifua.
Ukiota doa la duara shingoni, baki nyumbani:
choa hakiulizi rangi ya mkanda.
Na pete ivue, hata ya ndoa. Josenilda ataelewa.
Asipoelewa, mwambie Adailton amwonyeshe kidole chake,
yaani kile kilichobaki.

Una kilo mia na nane. Mimi hamsini na tatu.
Ukinilalia kama gunia la unga wa muhogo utanishinda,
utarudi nyumbani umeshinda,
na hutakuwa umejifunza kitu.
Hizo nguvu ulipewa bure. Ziache pale, pamoja na funguo.
Na tafadhali, usinifundishe
wakati nimekupiga kabari.

Sasa sikiliza. Hayo mengine yote ni usafi tu.

Ukibanwa, gonga.
Mara mbili, mwilini mwangu, si hewani.
Mikono ikinaswa, gonga kwa mguu.
Mguu ukinaswa, sema, mdomo haujafungwa.
Asiyekubali kushindwa si mshindani,
ni mgonjwa anayesubiri bendeji.

Kiwiko changu hiki hakinyooki.
Nilikuwa na mkanda wa buluu na kiburi cha mweusi.
Nilisikia mlio, kama mtu anavunja muwa
chumba cha pili.
Miezi saba nikichana nywele kwa mkono mmoja.
Na Iranildo, aliyekuwa ameushika ule mkono,
alikunja kimono chake usiku huo, hakurudi tena.
Hilo huwa hatuwaambii wageni:
usipogonga, mnavunjika wawili.

Nawe ukigongwa, achia.
Usimalizie. Usiulize "kweli?"
Achia kwanza.

Hayo nilimwambia mwezi Machi.

Agosti, Jumanne, alichelewa.
Alisimama pembeni ya mkeka, kama ilivyo kanuni,
akangoja niitikie kwa kichwa.
Tulikuwa tumesikia habari za hospitali,
kitanda cha Josenilda, mashine, daktari asiyemaliza sentensi.
Hakuna aliyejua la kusema, hivyo hatukusema.
Tulipeana mkono, tukagonganisha ngumi, tukaanza.

Nilikuwa juu yake. Vidole vyangu ndiyo kwanza vinatafuta ukosi,
sijabana, sijakaza, sina chochote,
akanigonga mgongoni.
Mara mbili, polepole,
kama mtu anayebisha mlango wa nyumba
yenye mtoto aliyelala.

Niliachia.

Tukakaa, migongo ukutani.
Saa ya ukutani ikaendelea kuhesabu dakika zetu,
wengine wakibiringika wakitukwepa, wakihema, wakicheka kidogo,
na feni ikisukuma joto lile lile toka kona hadi kona.
Alilia bila kujificha uso.
Sikumuuliza. Aliyegonga hadaiwi sababu.

Kengele ilipolia akanipa mkono, akanishukuru kwa mzunguko,
vilevile nilivyomfundisha,
na mkono ulipokuwa mkononi mwangu nikaona
kucha zake:
fupi, safi,
zimekatwa siku ileile.